Mwanamke wa Kupimia Rangi

Lottie Pacholski alifanya kazi kwenye televisheni miaka mingi, na hakuna mtu wa Toledo aliyewahi kumwona. Kazi yake ilikuwa kukaa. Asubuhi, kabla kipindi hakijaanza, aliketishwa kwenye kiti katikati ya studio, blauzi nyeupe na koti jeusi juu yake, mikono mapajani, akazitazama kamera huku mafundi wakirekebisha rangi zao mpaka uso wake utoke kwenye skrini kama uso wa binadamu na si kama nyanya. Wakisharidhika aliinuka, akarudi kwenye meza yake ya kupiga taipu, na watangazaji wakaja kukaa ndani ya rangi alizowaandalia. Mimi ni jirani yake. Nyumba zetu zinatenganishwa na njia ya gari tu, na kipindi kile nilikitazama kila siku nikinywa kahawa, bila kujua kwamba mashavu mazuri ya yule mtangazaji yalikuwa yamepimiwa kwa mashavu ya Lottie. Bwana wa hali ya hewa, ambaye alikuwa mweusi, alitokea siku zote kama kivuli kilichofunga tai. Tulidhani ndivyo alivyo. Kumbe hakuna aliyewahi kumketisha yeye kwenye kile kiti.

Fundi aliyemchagua Lottie aliitwa Norbert. Aliingia chumba cha wapiga taipu akitafuta uso usiochezacheza, maana wasichana aliokuwa akipewa walikuwa wanacheka, wanajikuna, wanageuka mlango ukifunguliwa. Lottie hakugeuka. Mwaka uleule akamwoa, na mimi siku zote nimeamini kwamba alimwoa kwa sababu hiyohiyo.

Niseme mapema, Norbert hakuwahi kumpiga. Hakuwa mlevi, mshahara aliuleta nyumbani, Jumapili alikaa kanisani benchi la mbele na kuimba kwa sauti kuliko kwaya. Ndiyo maana ilikuwa shida kumweleza mtu yeyote kilichokuwa kikiendelea mle ndani. Lottie alipotaka kujifunza kuendesha gari, Norbert alisema macho yake hayafai barabarani. Alipotaka kwenda na kina mama wa parokia kwenye hija, Norbert alisema subiri kidogo, Leokadia, wiki ijayo nina kazi. Hilo ndilo jina lake kamili, na ni Norbert peke yake aliyelitumia. Watoto hawakujaliwa, kwa hiyo hata kisingizio cha kumpeleka mtoto mahali hakuwa nacho. Hiyo subiri kidogo ilikula ujana wake, ikala na utu uzima, akawa bibi bado anasubiri.

Kituo cha televisheni kilipotupa kamera za zamani, Norbert alizibeba zote akazishusha kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Kubwa kama majokofu, zenye magurudumu. Mkewe akapoteza mahali pa kuanikia nguo wakati wa baridi. Halafu ikawa desturi: baada ya chakula cha jioni, Norbert anashuka, anawasha taa, anaita, na Lottie anakwenda kukaa kwenye kiti cha jikoni mbele ya kamera, blauzi nyeupe na koti jeusi, ili apimiwe rangi. Hakuna kipindi kilichokuwa kinarushwa. Hakuna mtu aliyekuwa anatazama. Siku moja nilimuuliza hizo rangi zinapimiwa nini. Lottie alikuwa anakunja unga wa pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, akaendelea kukunja.

"Za kupimia tu," akasema. "Akishapima anafurahi, analala vizuri."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Yeye hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi.

Mwezi wa Januari dada yake, Irenka, akapigwa na kiharusi. Irenka aliishi mji wa Erie, ufukweni mwa ziwa hilihili letu, ukiamka mapema na gari unakula chakula cha mchana huko. Wazazi wao walifariki zamani, wamebaki wawili tu. Upande mmoja wa Irenka ukafa, maneno yakawa yanamtoka nusu nusu, na daktari akasema wazi kwamba cha pili kikija kitamchukua. Binti wa jirani yake alimshikia simu sikioni. Lottie alikuja kupokea simu ile kwangu, kwa sababu kwake Norbert hukaa karibu na simu, nami nilisikia sauti ya Irenka ikijivuta kama gari kwenye matope.

"Lodzia," alisema, akimwita kwa jina lao la utotoni. "Njoo nikiwa bado nakujua."

Lottie akarudi kwake akamwambia mumewe. Norbert akasikitika kweli, hata machozi yalimlengalenga, akasema tutakwenda wote, theluji ikiyeyuka. Subiri kidogo. Lottie hakubishana. Jioni ile alikuja kwangu na begi dogo la rangi ya kahawia, akaliweka kwenye kabati langu nyuma ya makoti ya marehemu mume wangu.

"Sikai nalo kule, atalifungua," alisema. "Siku nikiwa tayari nitakuja kulichukua."

"Uko tayari saa hizi. Gari langu hilo hapo nje."

"Dolly, mwenzangu, usinisukume."

Basi sikumsukuma. Begi likakaa. Kila nilipofungua kabati kutoa koti niliona kona yake ya kahawia, nikafunga kabati kwa nguvu mpaka hanga zikalia.

Kwaresima ilipoanza wakaja watu wa filamu. Mwongozaji wao alikuwa kijana wa Columbus aitwaye Tobin, mpole, ana ndevu chache na soksi za rangi tofauti, na alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha. Hadithi yake ni kipindi cha asubuhi cha zamani, cha mji mdogo kama wetu, ambamo mgeni mmoja anafariki akiwa kwenye kiti, lakini televisheni za watu majumbani zinaendelea kumwonyesha amekaa, hata ukizizima. Tobin alikuwa amekwisha kupiga sehemu yake kwa kamera za kisasa, kisha wakaichafua kwa kompyuta: wakaongeza mistari, chenga, rangi nyekundu inayovuja pembeni. Alinionyesha kwenye simu yake. Ilikuwa kama suruali mpya iliyochanwa magoti dukani. Yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anazunguka Ohio nzima akitafuta kamera halisi zinazofanya kazi.

Mtu akamtajia chumba cha chini cha Norbert.

Hujawahi kuona mzee akirudiwa na ujana namna ile. Norbert alichana nywele. Alitafuta tai. Tobin hakuwa mjinga, alizijua zile kamera kwa kuzisoma, lakini alikuwa na adabu ya kumwacha mzee aeleze, na mzee akaeleza. Kamera hizo, alisema, zinaona kwa bomba la kioo lililo ndani yake. Bomba hilo lina kumbukumbu. Ukipitisha mshumaa mbele yake, moto unaacha mkia. Ukiliacha likitazama kitu cheupe kilichotulia, kile kitu kinaunguza bomba na kubaki humo, hata ukigeuza kamera upande mwingine utakiona juu ya kila kitu. Kwa hiyo studio za zamani hazikuruhusu kitu cheupe: mashati yalikuwa ya buluu hafifu, karatasi zilipakwa kijivu. Cheupe pekee kilikuwa blauzi ya mwanamke wa kupimia, na kwa muda mfupi tu. Na fundi hakuondoka kwenye kamera bila kuifunika jicho kwa kofia yake.

"Bomba likishaungua, mzee, halitibiki?" Tobin aliuliza.

"Linatibika likiungua kidogo. Unaweka kadi nyeupe mbele yake, unawasha taa, unaiacha siku nzima. Weupe unafuta." Akamwonyesha kadi yenyewe, imesimama rafuni. "Lakini kwangu mimi halijawahi kuungua hata moja."

Walijenga studio yao kwenye ukumbi wa shule ya parokia iliyofungwa. Hapo ndipo mimi nilipopandwa na hasira zangu binafsi, maana ukumbi ule ndimo tunamouzia samaki wa kukaanga Ijumaa za Kwaresima, na Padri alikubali kuutoa bila kutuuliza sisi tunaosimama kwenye mafuta. Tukahamishiwa chini ya kanisa, kwenye dari fupi na feni moja. Halafu Tobin akapita nyumba kwa nyumba akiomba wazee waje kuwa watazamaji wa studio, na kila mtu avae nguo yake ya miaka ile. Nikamwambia mimi sina muda. Nikaenda. Nilivaa koti langu la manjano lenye kola pana, lililonibana kwapani, na nikaona nusu ya parokia wamekuja na suruali zao za miguu mipana, wananuka dawa ya nondo, wanachekana mpaka mbavu ziume.

Ukumbi wenyewe ulinishtua. Mazulia ya rangi ya chungwa, maua ya plastiki, saa ya ukutani, yote vilevile. Pembeni waliweka televisheni kubwa ya mbao ikionyesha kamera inachokiona, na picha yake ilikuwa mraba, laini, rangi zimevimba, weusi si weusi bali kijani kilichokolea. Nilihisi nimerudi jikoni kwangu, mume wangu yuko hai, anatafuta funguo. Nikawaza hawa watoto wamefanyaje, na kwa nini kitu kinachonirudisha nyumbani ndicho wanachotaka kuwatishia watu.

Katikati ya mazulia, kiti. Na juu ya kiti, Lottie, blauzi nyeupe na koti jeusi.

Hakuwa ameajiriwa na mtu. Norbert alikuja naye kama alivyokuja na nyaya. Nyota wa filamu alikuwa mwigizaji mweusi, na Tobin akasema kwa upole kwamba kamera zipimiwe kwa uso wake yeye, ili yasirudi mambo ya zamani. Norbert akakubali, lakini kwanza, akasema, lazima zipate msingi wake, na msingi wake ni Leokadia. Siku ikaenda hivyo, na iliyofuata. Lottie anakaa, taa zinamchoma, Norbert anazungusha vishikizo na kusema kidevu juu, kidogo kushoto, hapo, usisogee.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya pili, binti wa Erie alipiga simu kwangu. Irenka amemwita nesi kwa jina la mama yao. Nilimwambia Lottie asubuhi mlangoni mwa ukumbi, kabla sijashuka kukaanga. Alisikiliza akiwa ameshika vifungo vya koti.

"Leo nitamwambia tena Norbert," alisema.

"Umemwambia mara ngapi?"

Akaingia kukaa.

Saa ya chakula cha mchana, harufu ya samaki ilipanda kutoka chini ya kanisa mpaka ukumbini, na hakuna mtu wa filamu aliyeweza kuvumilia. Wakazima taa nyingi, wakashuka wote, hata waliosema hawali vya kukaanga. Norbert alikuwa hajamaliza kamera ya kati. Akamwambia Lottie usisogee, nakuja sasa hivi, akashuka na wenzake. Kofia ya kamera ilikuwa mkononi mwake. Mimi niliiona, kwa sababu alinipita pale kwenye mafuta akaiweka mezani kando ya sahani yake kama mtu anayeweka miwani, vijana wakamzunguka, akaanza hadithi za vituo vya zamani. Miaka yote ile alikuwa hajaondoka kwenye kamera bila kuifunika. Nadhani najua kwa nini alisahau. Kamera ikiwa wazi na Lottie yuko kwenye kiti, kwake kazi ilikuwa inaendelea. Hakumhesabu kama mtu aliyeachwa pale.

Walikula, wakaongeza. Nilitazama kila anayeingia nikimtafuta Lottie. Unga ule wa kukaangia ni wa kwake, yeye ndiye aliyetufundisha tutie bia kidogo, na alikuwa hajaonja. Nikavua aproni, nikaweka samaki na saladi ya kabichi kwenye sahani, nikapanda.

Ukumbi mzima giza, taa moja tu inamwakia usoni. Jasho limemshuka mpaka shingoni. Alikuwa amekaa vilevile, kidevu juu, kidogo kushoto.

"Njoo ule," nikamwambia.

"Alisema nisisogee."

"Lottie. Anakula. Yuko sahani ya pili."

"Alisema anakuja."

Nilikaa kwenye viti vya watazamaji na koti langu la kubana, sahani mapajani, nikalia. Sikumlilia Irenka. Nilimlilia mwanamke mzima anayeogopa kuondoka kwenye kiti ambacho hakina kamba. Nililia kwa sauti, sijali, na nikamwambia kwamba lile begi linanitia wazimu, kwamba nitalitupa mtaroni, kwamba dada yake anawaita watu kwa majina ya maiti. Alinisikiliza bila kugeuza shingo. Halafu akasema polepole kwamba miguu imekufa ganzi, nije nimshike mkono.

Nikaenda nikamshika. Akasimama.

Tukageuka kutafuta njia ya kupita kati ya nyaya, na hapo tukaiona ile televisheni ya mbao. Kiti kilikuwa kitupu, tumesimama kando yake wenyewe. Kwenye skrini Lottie alikuwa bado amekaa. Blauzi, kola ya koti, duara la uso, vyote kwa rangi ya maji ya bwawa, na nyuma yake, kupitia kifua chake, unaona mbao za kiti. Macho mawili yametulia. Nywele zilinisimama, nasema kweli, nikarudi nyuma nikamwaga kabichi.

Lottie hakurudi nyuma. Alisogea mpaka karibu na kioo. Akainua mkono, yule wa kwenye skrini hakuinua. Akatikisa kichwa, yule hakutikisa. Alimtazama muda mrefu kama unavyomtazama mtu mliyeonana mara ya mwisho shuleni, unalitafuta jina lake. Kisha akacheka kidogo puani.

"Dolly, mwone," alisema. "Hajasogea."

"Twende zetu jamani, mimi naogopa."

"Huyo anamtosha. Mimi wa nini?"

Tobin ndiye aliyerudi wa kwanza, bado anajifuta mafuta mdomoni. Aliona kiti, akaona skrini, akasimama. Halafu akaanza kuita watu kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Warekodi, upesi, warekodi kabla haijafifia. Ile ndiyo picha aliyokuwa ameitafuta tangu mwanzo. Kwenye kompyuta walikuwa wameibandika mara chungu nzima na ikawa inaonekana imebandikwa. Wote wakapanda mbio. Mwigizaji akapelekwa kusimama kando ya kiti, na kwenye skrini akaonekana amesimama kando ya maiti.

Norbert aliingia mwisho, kofia mkononi. Akaona bomba lake limeungua, uso ukamshuka.

"Leokadia, umefanya nini?"

"Nimekaa," Lottie alisema.

Tobin akamshika mzee bega, akamwambia kwamba hakuna kilichoharibika, kwamba hii ni dhahabu, kwamba tunachohitaji sasa ni kuirudia kwa kamera ya pili, kwa upande, bibi akae tena muda uleule, labda na kesho. Nilimwona Norbert akibadilika. Hasira ikatoka, fahari ikaingia mahali pake. Vijana wote walikuwa wanamtazama yeye. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Haya, mama, njoo. Watoto wanakuomba."

Na walimwomba kweli. Tafadhali bibi. Mara moja tu bibi. Utaonekana dunia nzima. Yule wa vipodozi tayari alikuwa anampangusa jasho. Niliona magoti ya Lottie yanalegea kutaka kukunjika, nadhani magoti yenyewe yalikuwa yameshakubali. Nilikuwa nimeshasema yote.

"Norbert," alisema, "nakwenda kwa Irenka."

"Theluji ikiyeyuka."

"Sasa."

"Utakwenda vipi umevaa hivyo? Kaa kwanza tumalize, subiri kidogo, jioni tutazungumza."

Lottie alianza kutembea, na njia ya mlangoni ilipita mbele ya mumewe. Norbert akanyoosha mkono kama wa kumzuia. Wakati uleule kijana mmoja akayumba na taa, mwanga mkali ukaangukia moja kwa moja kwenye jicho la kamera ya kati, na Tobin akapiga kelele. Nilimwona Norbert akiangalia huku, akiangalia kule. Mkewe alikuwa umbali wa mkono. Kamera ilikuwa umbali wa chumba kizima. Akageuka akakimbilia kamera na kofia yake.

Sisi tukatoka.

Begi lilikuwa kwangu, tulipita kulichukua. Tukashika barabara ya kandokando ya ziwa hivyohivyo, mimi na koti la manjano, yeye na blauzi ya kupimia, na sahani ya samaki tukaila kwa vidole karibu na Cleveland. Kuna mahali alifungua kioo cha dirisha, baridi ikaingia tukatetemeka wote, nikamwacha. Tulipofika Erie, Irenka alikuwa kitandani, mdomo umeenda upande. Lottie aliinama mbele yake. Nilishikilia mlango nikiomba moyoni.

"Lodzia," Irenka alisema. "Umevaa kama unakwenda kazini."

Nikatoka nje kulia mara ya pili siku hiyo, safari hii kwa raha.

Irenka aliishi mpaka waridi zilipochanua. Baada ya mazishi Norbert alitegemea mkewe arudi, hata akanunua pazia jipya la jikoni. Lottie alibaki kwenye nyumba ya dada yake. Hakuomba talaka, hakusema ubaya wowote. Anajifunza kuendesha gari sasa, mwalimu wake anasema ana macho mazuri. Ananipigia Jumapili baada ya misa.

Filamu ilipotoka tulikwenda parokia nzima. Norbert alikaa mbele. Ilipofika ile picha, ukumbi mzima walipiga yowe, vijana wakafunika macho kwa bakuli za bisi, naye peke yake akainama mbele, akitazama kiti.

Mimi humpelekea chakula Ijumaa, kwa sababu hajui hata kuchemsha yai na siwezi kumwacha afe nyumba ya pili. Humkuta chumba cha chini. Kamera ya kati amerudi nayo, ameielekeza kwenye kiti cha jikoni, na kwenye televisheni anakaa Lottie, hafifu zaidi kila wiki, blauzi tu na duara la uso. Ameziba dirisha kwa blanketi. Nikishuka ananiambia nisiwashe taa ya ngazi, weupe utamfuta. Siku nyingine huwa namsikia kabla sijafika chini. Anasema kidevu juu. Anasema hapo, vizuri, usisogee.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, mwishowe nikamwambia Lottie kwenye simu. Nilisikia redio ya jikoni kwake ikitangaza hali ya hewa ya ziwa.

"Ile kadi nyeupe bado iko rafuni?" aliuliza.

"Ipo."

"Mwambie aiweke mbele ya kamera, awashe taa. Mwambie nimeomba mimi."

Ijumaa nikashuka na samaki wake, nikamweleza neno kwa neno. Norbert alisema amesikia. Akainuka kwa shida, akaifikia kadi, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta, pande zote mbili, kwa uangalifu wake uleule wa kifundi. Kisha akairudisha rafuni, akaigeuza ielekee ukutani, akarudi kukaa kwenye giza.